Kwa Nini Kadhi Hakulijibu Swali Lile



Juma lililopita alitujia mama mmoja, msomaji wetu wa tangu siku nyingi, macho yamemwiva kwa kulia. Eda yake ilikwisha miezi mingi nyuma, na alichokililia siku ile hakikuwa mauti. Alikuwa ametoka mahakama ya kadhi, na kwa ufahamu wake kadhi alikuwa ameikataa kesi yao. Jirani alikwisha kumwambia, tena kwa sauti ya mwenye kujua, kwamba sasa mirathi ya mumewe itagawanywa Nairobi. Tunayaandika haya kwa idhini yake, na tumebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulikane.

Marehemu aliacha nyumba ya vyumba vinane vya kupangisha na kipande cha shamba la minazi. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki ni mjane huyu, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, Waislamu wote, na wote kwa hiari yao walikubali kwenda kwa kadhi. Hesabu yenyewe ni nyepesi mpaka inapendeza. Mjane hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zilizosalia huenda kwa watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Basi kila binti sehemu moja, kila mwana sehemu mbili. Moja, na tatu, na nne: nane kamili. Ni nadra mirathi kukaa sawa namna hii bila ya kulazimika kuvunja sehemu ndani ya sehemu.

Siku ya kusikizwa, wakili wa binti mkubwa alisimama akasema kwamba kumpa mteja wake nusu ya fungu la kaka yake ni kinyume cha Kifungu cha 27 cha Katiba, kinachosema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Kadhi alimsikiza mpaka mwisho, akaandika, kisha akasema kwamba swali hilo si la mahakama yake kuliamua; mwenye kulitaka jibu na alipeleke Mahakama Kuu. Akaahirisha shauri. Mama akatoka akilia. Binti naye, twaambiwa, hakutoka na furaha, kwani alidhani atajibiwa papo hapo.

Kadhi hakuikataa kesi, wala hakumwogopa wakili. Alichofanya ni kutenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamefungwa katika kitambaa kimoja. Swali la kwanza ni hili: sheria ya Kiislamu yasemaje juu ya mirathi ya mtu huyu? Hilo ni lake kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa kuamua maswali ya sheria ya Kiislamu kuhusu hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa mbele yake. Swali la pili ni jingine kabisa: je, Katiba ya nchi yairuhusu mahakama kuitumia sheria hiyo kwa kiasi hiki? Hapo hatuulizi tena Qur'ani na Sunna zasemaje, wala Imam Shafii alifahamuje. Twauliza maneno ya Katiba yana maana gani, na swali la namna hiyo Kifungu cha 165 kimeliweka mikononi mwa Mahakama Kuu.

Si kadhi peke yake aliyewekewa mpaka huu. Hakimu wa kawaida, yule anayesikiza kesi za wizi na za mikopo, naye ni wa mahakama ya chini. Katiba ililiruhusu Bunge liwape mahakama za chini sehemu ya kazi ya kulinda haki za msingi, na Bunge lilipotunga Sheria ya Mahakama za Mahakimu mwaka 2015 liliwapa mahakimu kipande kidogo tu: mashauri ya mtu kuteswa au kutendewa ukatili, na ya mtu kutiwa utumwani. Mengine yote juu.

Sasa kwa nini? Kadhi yule ni mtu msomi. Kifungu cha 27 angeweza kukisoma, na Kifungu cha 24 pia, kinachosema kwamba masharti ya usawa yatapunguzwa, kwa kiwango cha lazima kabisa, ili sheria ya Kiislamu iweze kutumika mbele ya mahakama za kadhi kwa Waislamu katika mambo yale manne. Angeweza kuyasoma mawili hayo na kutoa jibu kabla ya adhuhuri.

Tuchukulie angelitoa. Tuseme kadhi wa Mombasa amejibu kwamba fungu la binti liko salama chini ya Katiba. Juma la pili yake kadhi wa Malindi, naye msomi vilevile, ajibu kwamba si salama. Wa Lamu akae kimya. Nani atakuwa amekosea? Hakuna ajuaye, kwa sababu hapana kati yao ambaye neno lake humfunga mwenziwe. Dada wawili wa tumbo moja, mmoja ameolewa Malindi na mwingine Mombasa, watakuwa na haki mbili kwa sababu ya basi walilopanda. Na mawakili, ambao si wapumbavu, watajifunza upesi mji upi waupelekee faili zao.

Hukumu ya kadhi juu ya nyumba ya vyumba vinane ni ya familia moja. Ikiwa na kosa, kosa hilo laumiza watu sita, nao wana mlango wa rufaa. Lakini jibu la swali la Katiba halibaki katika chumba lilipotolewa. Laingia kila nyumba ya Muislamu kuanzia Vanga hadi Kiunga, laingia Garissa na Wajir, lawagusa watu ambao hawakuitwa mahakamani, hawakuwa na wakili, na pengine hawajazaliwa. Jibu la uzito huo halifai kutolewa pembeni, katikati ya kesi ya kodi za nyumba, na watu waliokuja kwa jambo jingine. Ndiyo maana Katiba yenyewe imesema kwamba Mahakama Kuu ikiliona swali kuwa zito kisheria, Jaji Mkuu atateua majaji wasiopungua watatu, na idadi yao isiwe shufwa, walisikize pamoja. Shauri likipanda hadi Mahakama ya Upeo, ile ambayo wengine huiita Mahakama ya Juu, uamuzi wake huzifunga mahakama nyingine zote nchini, ya kadhi ikiwamo.

Tuseme ukweli kwamba Mahakama Kuu nayo haikati mzizi wa jambo mara moja. Jaji mmoja hamfungi jaji mwenziwe wa cheo sawa, na tumeona majaji wakitofautiana. Lakini kutoka hapo ngazi ni fupi: Mahakama ya Rufaa, kisha ya Upeo, na mambo yakome.

Wako watakaosema kwamba kumnyima kadhi swali hili ni kumdharau. Sisi hatuoni hivyo. Kadhi huchaguliwa kwa ujuzi wake wa sheria ya Kiislamu; hiyo ndiyo sifa aliyotakiwa awe nayo, na ndiyo heshima yake. Wanafunzi wa chuoni wamesikia habari za Imam Malik, alivyokuwa akiletewa maswali kutoka miji ya mbali na asione haya kusema kwamba hajui, aliyemletea akashangaa atarudije kwao na jibu kama hilo. Kujua mahali elimu yako inapoishia ni katika elimu. Na aliyepewa amana ya kuhukumu ana lazima nyingine juu ya hiyo: ajue mahali mamlaka yake yanapoishia, hata kama elimu yake yapita hapo.

Utaratibu wenyewe si mpya. Katiba ya zamani, iliyotumika mpaka mwaka 2010, ilikuwa na kifungu cha 67 kilichosema wazi kwamba swali la tafsiri ya Katiba likizuka katika mahakama ya chini, na likawa zito, mahakama hiyo yaweza kulipeleka Mahakama Kuu, na mmoja wa wahusika akiomba lipelekwe, basi ni lazima lipelekwe. Faili lilisimama chini, swali likapanda, jibu likateremka, kesi ikaendelea. Jirani zetu wa Tanzania wana sheria ya mwaka 1994 inayomtaka hakimu alipeleke Mahakama Kuu swali la haki za msingi, isipokuwa akiona limeletwa kwa upuuzi tu. Uganda nayo ina mlango kama huo kwenda Mahakama yake ya Katiba. Kwetu, Katiba ya 2010 haikuuandika mlango huo kwa maneno yale ya zamani. Mara nyingi sasa mhusika mwenyewe ndiye anayekwenda Mahakama Kuu na ombi lake, na kuomba shauri la chini lisimamishwe kwa muda. Kwa mama wa nyumbani tofauti hii si ndogo. Zamani swali lilibebwa na mahakama. Leo, kwa kawaida, hubebwa na mtu.

Ndugu zetu wakongwe watakumbuka kwamba hata mahakama za kadhi zenyewe zimewahi kuwa ndiyo swali. Mwaka 2004 viongozi wa makanisa walifungua shauri wakidai kwamba kuwamo kwa mahakama hizo katika Katiba ni kinyume cha Katiba yenyewe. Majaji watatu wa Mahakama Kuu walilijibu Mei 2010, na jibu lao halikutupendeza. Miezi mitatu baadaye nchi ilikuwa na Katiba mpya, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, na kadhi alikuwa amo ndani yake. Lau swali lile lingejibiwa na mahakimu kumi katika miji kumi, sijui lingekuwa na majibu mangapi, na sijui lipi tungelijadili kabla ya kupiga kura.

Na sasa tuje kwenye lile ambalo kina mama wengi wametuuliza tangu mwaka 2025. Juni ya mwaka huo Mahakama ya Upeo ilitoa hukumu katika shauri la mirathi ya Muislamu, ambamo baadhi ya watoto walidaiwa kuwa walizaliwa nje ya ndoa. Mahakama ilisema kwamba kuwabagua watoto kwa sababu tu wazazi wao hawakuwa wameoana si jambo linaloingia katika kile kiwango cha lazima kilichotajwa na Kifungu cha 24. Hatufichi kwamba hukumu hiyo imetupa mashaka. Tuliyofundishwa tangu chuoni, kwa madhehebu ya Shafii, ni kwamba mtoto wa namna hiyo humrithi mamaye wala hamrithi baba, na baba mwenye huruma ana mlango wa wasia usiozidi theluthi. Lakini pia hatukufundishwa kamwe kwamba mtoto amebeba dhambi ya wazazi wake, na tukiwa wakweli, wako kina baba waliouacha mlango ule wa theluthi umefungwa mpaka wakafa.

Tunachotaka msomaji akione hapa ni ukubwa wa kile kilichotokea. Maneno machache, "kiwango cha lazima kabisa", yalipewa maana na mahakama ya juu kabisa, na maana hiyo sasa yamfunga kila kadhi. Shauri lile lilihusu watoto hao. Fungu la binti na kaka yake ni swali lingine. Hata hivyo atakayelipeleka swali hilo la pili ataingia kwa mlango huohuo, na maneno yatakayopimwa ni yaleyale. Siku hiyo, wanaotaka hoja ya Kiislamu isikike vizuri wawe mahakamani mapema, kama wahusika au kama marafiki wa mahakama, na maandishi yao yamepangwa na wanavyuoni wanaojua. Kesi ya rufaa kutoka kwa kadhi ina utaratibu wa Kadhi Mkuu au makadhi wawili kuketi pamoja na jaji kumshauri. Ombi la Katiba lililofunguliwa moja kwa moja Mahakama Kuu halina utaratibu huo. Kulalamika barazani baada ya hukumu kusomwa ni kuchelewa.

Tumrudie mama yetu. Yeye hakuwa na haja ya historia. Haja yake ilikuwa ni chakula cha mwezi huu, kwa sababu wana wa kiume ndio wakusanyao kodi, na tangu shauri liahirishwe hapana aliyemletea kitu. Hapa ndipo utaratibu huu mzuri unapouma. Swali likipanda, maisha hayapandi nalo. Faili laweza kukaa mwaka, na wenye kushika funguo hawana haraka.

Tulimwambia, kwanza, kwamba kadhi aliyeahirisha shauri hajaacha kuwa kadhi. Aweza kuombwa atoe amri za muda: kodi iwekwe katika akaunti moja, hesabu ziletwe, nyumba isiuzwe, mjane apewe cha kujikimu katika fungu ambalo hapana anayelibisha. Thumni yake haina mgogoro; si binti wala wana wanaoipinga. Pili, kama jambo litafika Mahakama Kuu kama ombi la haki za msingi, Kifungu cha 22 chasema hakuna ada ya kufungua shauri kama hilo, na mahakama ikibidi itapokea hata maandishi yasiyo rasmi. Mtu asimtoze maelfu akimwambia ni ada ya serikali.

Kisha tukamuuliza juu ya binti. Hapo mama alinyamaza kidogo. Akasema binti huyu ndiye aliyemuuguza babake miaka miwili. Alikuwa akiishi kwake. Dawa, teksi za hospitali, kitanda cha mgonjwa, vyote alinunua yeye kwa mshahara wake, na marehemu alikuwa akisema mbele ya watu kwamba hiyo ni karadha, atamlipa nyumba ikikodishwa vizuri. Kaka zake waliishi mbali na walikuja mazishini.

Basi ndilo hilo. Mwaka 2014, katika mgogoro wa vyombo vya habari na leseni za televisheni, Mahakama ya Upeo ilieleza kanuni ambayo majaji wanaipenda: kesi ikiweza kuamuliwa vizuri kwa njia nyingine, mahakama isilikimbilie swali la Katiba. Nasi twaona kwamba kesi hii ina njia nyingine, tena iko ndani ya sharia yenyewe. Mali ya maiti haigawanywi ikiwa mbichi. Hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia, na kinachobaki ndicho huitwa mirathi. Ikithibiti kwamba fedha za binti zilikuwa karadha, si sadaka, basi yeye ni mdai kabla ya kuwa mrithi, na deni lake hulipwa lote, bila ya nusu. Swali hilo kadhi anaweza kulijibu bila ya kumwomba mtu ruhusa. Na ushahidi wake una nguvu: Sheria ya Mahakama za Kadhi, ya tangu mwaka 1967, yasema mashahidi wote watasikizwa bila ya ubaguzi wa dini wala jinsia, na kila jambo litaamuliwa kwa kupima ukweli wa ushahidi, si kwa kuhesabu mashahidi.

Hatusemi binti aache kwenda Mahakama Kuu. Ni haki yake, na akienda kwa nia ya kutaka kujua haki yake tutamwombea kheri. Twasema tu kwamba pengine alimtuma wakili kuuliza swali kubwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza yeye lile dogo.

Mama alisema risiti zipo. Ziko ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, na nyingine zimefifia wino. Tumemwomba azitoe nakala kabla hazijafutika, aketi na bintiye bila ya wakili wala jirani, kisha waende pamoja kwa karani wa mahakama kabla ya tarehe ya kutajwa kesi.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumzia wasia: nani aandikiwe, kiasi gani, na kwa nini karatasi iliyofichwa chini ya godoro haimsaidii mtu.